Katuni za Kumpelekea Dada

…na huyu naye wamemfufua, alijua tu watamfufua, mwaka wenyewe haujaisha tangu wamzike Bawabu kwa kurasa nzima nzima za mvua na miavuli myeusi, mashujaa wote wamejipanga kaburini na makoti yaliyolowa chapachapa, mpaka yeye, mtu mzima, fundi lifti mwenye bunda la funguo za majengo ya watu kiunoni, akajifanya ana mafua mbele ya mke wake, na leo Bawabu huyo hapo rafuni, jalada linametameta, meno yote nje, AMERUDI, kwa herufi kubwa, utadhani alikwenda sokoni tu akachelewa kidogo, na humo ndani hakuna hata mmoja atakayemuuliza alikuwa wapi, watamkumbatia ukurasa huu na ukurasa unaofuata watampa mtu wa kumpiga ngumi… "Si hilo," anasema nesi aliye mbele yake kwenye foleni, foleni ya watu wawili, nesi na yeye, "nimesema lile lingine, lenye mabawa," na mwenye duka, ameinama kwenye boksi chini ya kaunta, anajibu kwa sauti ya mtu aliye kisimani, "Sista, ndani ni kitu kile kile," "Najua ni kile kile, mimi nataka lile," na hapo ndipo tulipofika, anawaza fundi, akihamisha mzigo wa katuni kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, hadithi moja majalada matano, njaa moja sahani tano, na zote tupu, zamani ulinunua kitabu ukajua nini kimetokea, siku hizi kila baada ya miezi michache kuna tukio kubwa, hakuna kitakachobaki kama kilivyokuwa, wanaandika hivyo mgongoni mwa kitabu bila hata haya, na ukitaka kujua nani alimsaliti Bi Radi huna budi usome na Mshona Anga, na Kikosi cha Zamu, na kile cha yule mbwa anayeruka, kisha tukio linakwisha, vumbi linatua, na kila kitu kimebaki vile vile kilivyokuwa, ila mwandishi wamembadilisha tena, maana siku hizi mwandishi anabadilishwa kama taa ya ndani ya lifti, imefifia, toa, weka nyingine, abiria wala hawainui kichwa… na giza, Mungu wangu, hili giza la siku hizi, nani aliwaambia wapaka rangi kwamba hadithi haiwi ya watu wazima mpaka iwe nyeusi tii, ukurasa mzima ni paa la jengo usiku, watu wawili wenye maski wanaelezana huzuni zao, hata yeye mwenye macho yake mazima inabidi auinamishe ukurasa upande wa taa ndipo ajue anayelia ni nani, sasa dada…

"We fundi," mwenye duka ameibuka, ana vumbi kwenye nyusi, "leo umebeba kama unahama nyumba. Za nani zote hizo?" "Za dada yangu." "Kumbe naye ni mwenzetu?" "Yeye ndiye aliyenianzisha." "Basi hiyo ya juu rudisha, mwandishi kaondoka katikati, utamwacha mtu ananing'inia hewani. Kama hajasoma siku nyingi anzia hiyo ya kijani pale, ukimaliza njoo nikupe ile ya ndugu mapacha. Anapenda nini lakini?" na kabla hajajibiwa amekwishazama tena kwenye boksi kumtafutia nesi mabawa yake… anapenda nini, swali dogo hilo, mtu analiuliza huku anapiga chafya, anapenda nini, anapenda kila kitu, anapenda vitu vya kijinga, anapenda kujua mambo yameishaje, na ndicho kitu ambacho duka zima hili halina, hakuna humu hadithi iliyokwisha, zote zitaendelea… Nichagulie, alisema dada, lakini za sasa hivi, za zamani nazijua, nataka nione wamefikia wapi, kabla… na hakuimalizia, dada hamalizii sentensi za namna hiyo, anaziacha mlangoni kama viatu vyenye matope. Kabla ya nini, wote wawili wanajua, daktari alishawaeleza pale kwenye viti vya plastiki, kwa upole wa mtu aliyekwisha kuyasema maneno yale yale kwa wengine asubuhi ile, presha ya macho, kilichokwenda kimekwenda, hiyo dawa ya matone ni ya kulinda kilichobaki, na kilichobaki nacho tusidanganyane, na fundi alikaa akisubiri neno lakini, kwa sababu maisha yake yote amesoma vitabu ambavyo kwenye ukurasa wa mwisho kuna lakini, mkono unachomoza kwenye kifusi, jicho linafumbuka, na daktari akafunga kalamu yake akawatakia safari njema. Ni kama kuchungulia kwenye tundu la ufunguo, mdogo wangu, dada alimweleza nje, kwa sauti ya kawaida kabisa, mimi naona vizuri tu, katikati hapa naona hata sindano, ila mlango ni mkubwa na tundu ni dogo, na kuna mtu kila siku analiziba kidogo kwa nta. Mkata nguo, dada, mkasi wake ulikuwa haukosei, mabibi harusi walikuwa wanampangia foleni, mpaka siku mkasi ulipotoka nje ya chaki ukaingia kwenye mkono wa gauni la watu, na yeye akauweka mkasi mezani, akaita mwenye gauni, akamwambia mwenyewe, hakumsingizia mtu, tangu siku hiyo hakuushika tena.

Kwa hiyo uchague vizuri, bwana mkubwa, mgonjwa haulizwi uji lakini uji wenyewe uwe na kitu ndani, na amechagua, siku nzima leo ndani ya shimo la lifti, mgongo ukutani na grisi mpaka kwenye kiwiko, alikuwa anachagua, Mshona Anga mpya kwa sababu mwanzo wake umeandikwa na mtu mwenye akili, hiyo ya kijani ambayo mwenye duka anaipigia debe ameshaichukua tayari, na ile ya Bi Radi uzeeni, amestaafu, anaogopa mvua, hadithi nzuri, hadithi nzito, utaisoma na utakaa kimya… hadithi, hadithi, na dada alikuwa ana haja gani ya hadithi, wakati wa utoto kitabu chao kilikuwa kimoja, kilikuja kimefungia vitu vya dukani, jalada hakina, kurasa za mwisho hakina, kimeshikwashikwa mpaka kimelainika kama kitambaa, mama yao anasema mambo hayo yanalegeza akili, wao wamejibanza nyuma ya tangi la maji, na kila walipofika pale kitabu kilipochanika, shujaa yuko kwenye ukingo wa jengo na adui amemkanyaga vidole, dada alikuwa anaendelea kwa mdomo, kila siku mwisho mwingine, leo ukingo unakatika wanaanguka wote, kesho adui anaona vidole vya shujaa vimechubuka anamkumbuka mama yake, na ukubwani fundi alikuja kukipata kile kitabu kizima, ameagiza kutoka mbali, akafungua kurasa za mwisho, na mwisho wenyewe ulikuwa helikopta, inakuja helikopta inawachukua, basi, hakuwahi kumwambia dada, angemwambia nini, kwamba wale watu wanalipwa na wewe mtoto wa nyuma ya tangi uliwashinda… hadithi hupitia mdomoni, inapita hata kwenye simu, hata gizani, sasa yeye amebeba nini hapa, amebeba mzigo wa vitu ambavyo anaweza kumsimulia dada hata baada ya… hata baadaye. Kisichopita mdomoni ni picha. Picha ndiyo inayofunga duka. Mjinga wewe, umekuwa unachagua kwa masikio, na dada ana muda wa macho tu.

Basi anarudisha, rafu iko karibu na kiwiko, hata foleni haiachi, anarudisha Mshona Anga, anarudisha Bi Radi wa uzeeni, pole mama, anarudisha ya kijani, mwenye duka asione, anavuta lile kubwa la Kikosi cha Zamu ambalo alilisema vibaya humu humu dukani mbele ya watu, hadithi hamna, watu wanatembea wanapigana wanatembea, lakini mchoraji, ah, yule mchoraji ni shetani, kurasa mbili zikifunguliwa ni picha moja tu, jiji lote linaungua na Bi Radi anashuka katikati kama… na kitabu kikiwa kimekunjuliwa juu ya kifua, sekunde ile ile, anaziona kurasa hizo kwa tundu la ufunguo. Ataona nini dada? Ataona pua. Tundu moja la pua la Bi Radi, limechorwa kwa ustadi mkubwa. Kisha atasogeza jicho, ataona kipande cha moto, atasogeza, kipande cha ukuta, atasogeza, na ile picha kubwa ambayo mchoraji alikesha nayo haitakuwepo mahali popote, itakuwa vipande anavyovishona kichwani kwa shida, mkata nguo amepewa kazi ya kuunga viraka, na atasema ni nzuri, atasema asante mdogo wangu, na usiku kichwa kitamgonga… fundi anakifunga kitabu taratibu, anakirudisha, amecheka, ameona aibu ya kucheka, nesi amegeuka kumtazama, ana macho ya mtu aliyetoka zamu, "Nawachelewesha eh?" "Hapana sista, chukua muda wako." "Mgonjwa mmoja aliyelazwa wodini kwangu alinionyesha jalada hili kwenye simu. Ndani hata hasomi, analitaka la ukutani tu." "Hata mimi nanunua ya mtu," anasema fundi, na sauti yake imetoka nyembamba kuliko alivyoipanga… la ukutani tu, kumbe, na yeye amesimama nyuma yake dakika zote hizi anamhukumu kwa majalada matano, mdomo wako huo, siku moja utakuponza.

Vidogo basi. Visanduku vidogo, sita kwa ukurasa, tisa, kila kimoja kinaingia chenyewe kwenye tundu, unasogea kidogo, kinaingia kingine, mistari minene, rangi za kupiga kelele, hakuna paa la usiku, hakuna mtu anayeinama upande wa taa, na nani siku hizi anachora hivyo, mashujaa wote wamekuwa wa sinema, wanachorwa kwa upana utafikiri ukurasa ni ukuta… kuna mmoja tu. Anajua yuko wapi. Rafu ya chini, upande wa watoto, na yeye ndiye aliyewahi kusema humu ndani, kwa sauti, kwamba Bwana Kokoto ni aibu kwa tasnia nzima, shujaa mnene mwenye ndala ambaye nguvu yake ni moja, anageuka kokoto, kokoto tu, maadui wanampita, wanamkanyaga, wanamtia mfukoni, wanateleza juu yake, na kila toleo linakwisha, hilo nalo, linakwisha kweli, ukurasa wa mwisho amerudi nyumbani amevua ndala… anainama, magoti yanalia kama mlango, anachukua moja, anachukua yote yaliyopo, njano, nyekundu, buluu, anafungua, anakunja mkono kuwa bomba mbele ya jicho lake, fundi mzima mwenye sare ya kazi anachungulia katuni ya watoto kwa ngumi, na linaingia, Kokoto anaingia mzima, na ndala zake, na puto la maneno juu yake, sanduku la kwanza, sanduku la pili, hakuna kinachobaki nje, na anafuta jicho kwa mkono wa sare, safari hii bila kutafuta mafua ya kusingizia. Hiki ndicho. Katika mambo yote makubwa ya ulimwengu wa mashujaa, vifo na kufufuka na matukio yasiyobakiza kitu, amebakiwa na hiki cha kumpa, na kitamtosha kwa muda gani, mpaka tundu liwe dogo kuliko kokoto.

"Duh," mwenye duka ameibuka tena, anaangalia mzigo, anaangalia uso wa fundi, "Kokoto? Wewe?" "Mimi." "Nilikuwa nasubiri siku hii." Hacheki sana, ana jalada mkononi, analinyoosha kwa nesi, nesi anatikisa kichwa, mabawa haya meusi, yale yalikuwa meupe, mwenye duka anashusha pumzi, na akiwa njiani kuzama tena anauliza, kama anavyouliza kila mara, mkono mmoja tayari umeshika karatasi ngumu, "Zinasafiri, siyo? Nikuwekee kadibodi, zisikunjike?" na fundi anafungua mdomo kusema ndiyo, weka mbili… weka mbili. Alisikia wapi weka mbili. Kwenye simu, wiki iliyopita, amesimama nje ya jengo la ofisi na helmeti kichwani, dada anasema usimpe dereva wa basi safari hii, lete mwenyewe, na yeye, bingwa, mjuzi wa Bawabu na ukoo wake wote, alijibu nini, alijibu usijali dada, najua wanavyorusha mizigo, safari hii nitaweka kadibodi mbili, mbele na nyuma, na nailoni juu yake, nitamwambia dereva alaze asisimamishe, hata kona moja haitapinda, akaendelea, akaeleza na gundi ya karatasi, ipi haiachi alama, na upande wa pili kimya, akadhani mtandao, haloo, haloo, dada, na dada akasema nakusikia, kisha akasema haya basi, weka mbili… dada, ambaye hajawahi kujali kona ya kitabu tangu azaliwe. Dada anayekunja ukurasa sikio ili asipoteze mahali, anayekigeuza kitabu kinyumenyume mpaka uti wa mgongo ulie, mwenye vidole vya chaki kwenye kila jalada alilowahi kumwazima, wamegombana miaka na miaka juu ya hilo, huyo ndiye aliyesema lete mwenyewe, na mdogo wake akaelewa kwamba anaogopa vitabu visipinde. Nani mwingine duniani angeelewa hivyo. Ni mtu wa kukusanya katuni tu, mtu aliyezoea kuvisha vitu nailoni mpaka ndugu yake anamwita yeye anasikia kadibodi.

Au alielewa, na akajitia hamnazo… maana kazi siyo kisingizio, lifti zina mafundi wengine, safari ni nusu siku kwa basi na Jumapili zipo, amekuwa akipiga chenga tangu ile mara ya mwisho, aliposimama mlangoni kwa dada, hakubisha hodi, alitaka kumshtukiza, na dada alikuwa amekaa ameelekea mlango, jua limemwangukia magotini, akainua uso, akamtazama moja kwa moja, yaani yeye alidhani moja kwa moja, akauliza, nani hapo? Kwa adabu. Kwa ile adabu ya kumuuliza mgeni. Na fundi alisimama pale na mfuko wake, pembeni kidogo ya mlango, nje ya tundu, asijue aseme jina gani, kisha akasema nauza sabuni, bibie, na dada akacheka, wakacheka wote mpaka dada akashika ubavu, na kwenye basi la kurudi alikaa dirishani akafunika uso kwa helmeti, watu wakadhani amelala. Kwa hiyo dereva akawa anapeleka. Vifurushi vizuri, vimefungwa vizuri, Bawabu ndani, Bi Radi ndani, watu wa kuchorwa wote wamekwenda kuonekana na dada kabla tundu halijaziba, mpaka na mbwa anayeruka, yeye tu ndiye hajaenda… nataka nione wamefikia wapi. Alimwambia hivyo. Anaogopa, hilo aliseme tu, anaogopa kuulizwa tena nani hapo, anaogopa kuliko shimo la lifti, na atakwenda akiwa anaogopa hivyo hivyo, Jumapili hii, siyo ile nyingine. "Fundi, kadibodi niweke nisiweke?" inauliza sauti ya kisimani. "Usiweke," anasema, "napeleka mwenyewe." "Haya," anasema mwenye duka, haya ya mtu ambaye hajasikia jambo lolote, "basi mfuko wa kawaida unatosha," na boksi linakwaruza sakafu, na nesi anasema si hilo, meupe, nimesema meupe, na fundi amebaki pale pale kwenye foleni ya watu wawili na makokoto yake kifuani, anawaza ndevu, kwamba ameziachia tangu safari ile, na upande mmoja zimeingia mvi, anyoe kwanza, dada akute uso anaoujua… anapapasa kidevu kwa mkono ulio huru, hapana, aende nazo hivi hivi, aseme ni mimi kabla hajaulizwa, avute kigoda, akae karibu, goti kwa goti, katikati pale ambapo dada bado anaona, na mfuko asiufungue kwanza, amwache dada amtazame mpaka atosheke.